Baada ya Nusukaputi, Kitanda si Dawa

Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu aliyepasuliwa hutazamwa kama chombo cha udongo kilichoungwa: asiguswe, asisogezwe, alazwe mpaka kidonda kikauke. Ndugu humletea uji, humfunika shuka na kumsihi atulie. Nia yao ni njema, wala hapana awezaye kuwalaumu kwa kumpenda mgonjwa wao. Lakini mapenzi yasiyoongozwa na maarifa yaweza kumdhuru yule yule apendwaye. Hoja ya makala haya ni moja: hatua za kwanza anazotembea mgonjwa baada ya kupasuliwa ni sehemu ya tiba, sawasawa na sindano na vidonge. Kwa hiyo hapana budi ziandikwe, zipimwe na kuelezwa kama dawa nyingine zote, na maelezo hayo yaanze kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Hoja hii yaweza kuthibitishwa kwa upasuaji wa aina nyingi. Hapa umechaguliwa upasuaji wa kupunguza unene, kwa kuwa ndani yake hatari za kulala kitandani huonekana waziwazi kuliko kwingineko. Aidha, jambo lenyewe si la nchi za mbali tu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Upasuaji wenyewe

Unene hupimwa kwa kugawanya uzito wa mtu, kwa kilo, kwa mraba wa urefu wake, kwa mita. Mtu mwenye kilo 128 na urefu wa mita 1.60 hupata 50. Kiasi cha kawaida ni kati ya 18.5 na 25, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa ni unene wa kupindukia. Mwaka 1991 wataalamu waliokutana nchini Marekani walishauri kwamba upasuaji ufikiriwe kwa mtu aliyefikia 40, au 35 iwapo ana maradhi yaletwayo na unene, kama vile kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo viliteremsha kiwango hadi 35, hata kwa mtu asiye na maradhi mengine.

Edward Mason na Chikashi Ito, wa Chuo Kikuu cha Iowa, walianza mwaka 1966 kufanya upasuaji wa kuupitisha mlo kando ya sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Siku hizo tumbo lilipasuliwa kwa mkato mrefu. Mwaka 1994 madaktari wa California walitoa taarifa ya kuifanya kazi hiyo kwa vitundu vidogo, wakiangalia ndani kwa kamera. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni ule wa kuondoa karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kuacha bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na kichocheo kimoja cha njaa hupungua katika damu, kwa sababu sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikikitengeneza kwa wingi.

Ili daktari apate nafasi ya kufanyia kazi, tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi hiyo huusukuma juu msuli wa kiwambo, utenganishao kifua na tumbo. Kwa hiyo mgonjwa azindukapo huweza kulalamika kwamba bega linamuuma, ilhali hakuna aliyemgusa bega. Neva iendayo kwenye kiwambo hutoka shingoni, na ubongo huyachukua maumivu ya kiwambo kana kwamba yametoka begani. Mgonjwa aliyeelezwa jambo hili mapema hatishiki. Asiyeelezwa hudhani kuna lililoharibika.

Nusukaputi si usingizi

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali moja mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye akakatwa uvimbe shingoni bila kupiga kelele. Tangu siku hiyo upasuaji uligeuka. Watu husema kwamba mgonjwa “amelazwa usingizi”, lakini usemi huo haueleza ukweli. Mtu aliyelala usingizi akifinywa huamka. Aliyepewa nusukaputi hata akikatwa haamki. Mawimbi ya umeme ya ubongo wake hufanana zaidi na ya mtu aliyezirai sana kuliko ya mtu aliyelala. Neno nusukaputi, ambalo masikio ya wengi husikia ndani yake nusu ya kifo, limekaribia ukweli kuliko neno usingizi.

Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa za aina tatu: ya kumwondolea fahamu, ya kuzuia maumivu, na ya kulegeza misuli. Hii ya tatu hulegeza hata misuli ya kupumulia. Ndiyo sababu mpira hupitishwa kooni, na mashine ikampumulia mpaka kazi iishe.

Namna mgonjwa anavyozinduka

Kuzinduka hakutokei kwa mara moja kama taa iwashwapo. Dawa huacha kutolewa. Sehemu yake hutoka kwa pumzi, na sehemu nyingine husambazwa na damu mpaka ikapungua katika ubongo. Shina la ubongo, lenye kusimamia kupumua, hurudi kazini mapema. Mgonjwa huanza kuvuta pumzi mwenyewe, kisha humeza, hukohoa, hukunja uso. Baadaye ndipo afumbuapo macho aitwapo jina na kukaza mkono akiambiwa akaze. Kumbukumbu hurudi nyuma ya vyote. Mgonjwa aweza kuzungumza na muuguzi na kujibu sawasawa, na jioni asikumbuke hata neno moja. Maagizo muhimu yakitolewa wakati huo tu, ni sawa na kuandika juu ya maji.

Kwa mtu mnene, saa hii ina hatari zake. Mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa, na wengi wa wagonjwa hawa hata nyumbani hukatikiwa pumzi walalapo. Kwa hiyo haifai kuutoa mpira kooni kabla mgonjwa hajazinduka vema na misuli yake kupata nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa kifaa kitoacho misukumo minne ya umeme kwenye neva ya mkono. Kidole gumba kikiitika msukumo wa nne karibu sawa na wa kwanza, dawa ya kulegeza imekwisha. Kumtazama tu mgonjwa kwa macho hakutoshi.

Mwaka 1970 madaktari Aldrete na Kroulik walitoa utaratibu wa kutia alama. Mambo matano hutazamwa: kusogeza viungo, kupumua, shinikizo la damu, fahamu, na rangi ya ngozi. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2, na mgonjwa apataye 9 katika 10 huwa tayari kurudishwa wodini. Rangi ya ngozi ni kipimo kigumu kukisoma kwa watu weusi, na baadaye mahali pake pakachukuliwa na kipimo cha oksijeni katika damu. Utaratibu huu una funzo moja kubwa: kuzinduka ni jambo la kupimwa, si la kukisiwa. Yafaa kuuliza kwa nini hatua za kwanza zisipewe heshima hiyo hiyo.

Yatokeayo mwilini mtu akilala chali

Kwanza ni mapafu. Mtu alalapo chali, matumbo husukuma kiwambo kuelekea kifuani, na hewa ibakiayo mapafuni hupungua. Nusukaputi huipunguza zaidi, na vifuko vya hewa vya sehemu za chini hunywea. Mtu mwenye mafuta mengi tumboni hubeba mzigo mkubwa zaidi juu ya kiwambo chake. Akiketi au kusimama, mzigo huo huteremka na vifuko hupata nafasi ya kufunguka. Kwa hiyo kitanda cha mgonjwa huyu huinuliwa upande wa kichwa tangu dakika za kwanza, na huambiwa avute pumzi ndefu na kukohoa.

Pili ni damu. Mwaka 1628 William Harvey alieleza mzunguko wa damu, na vali za vena zilikuwa mojawapo ya ushahidi wake: huiruhusu damu iende moyoni, isirudi nyuma. Damu ya miguuni hupandishwa kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo kila mtu anapopiga hatua huzikamua vena. Misuli hiyo ikitulia, damu huenda polepole. Rudolf Virchow, mtaalamu wa Ujerumani wa karne ya 19, alichunguza namna mabonge ya damu yanavyofanyika mishipani, na mafunzo ya udaktari humkumbuka kwa mambo matatu: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mgonjwa mnene aliyetoka kupasuliwa aweza kuwa nayo yote matatu kwa siku moja. Bonge likijifanya mguuni, kisha likang’oka na kusafiri hadi mapafuni, laweza kuua kwa dakika chache.

Hatari hii isizidishwe wala isidharauliwe. Katika uchunguzi wa wagonjwa 4,776 wa upasuaji wa kupunguza unene nchini Marekani, uliotangazwa mwaka 2009, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3 tu. Hata hivyo bonge la mapafuni ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo vichache, na mengi ya mabonge hutokea mgonjwa akiwa amekwisha rudi nyumbani, pasipo muuguzi, akilindwa na ndugu zake. Hapo ndipo shauri la “lala utulie” linapoweza kugharimu uhai.

Tatu ni misuli na moyo. Mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wenye afya walikubali kulala kitandani kwa majuma matatu. Uwezo wao wa kutumia oksijeni wakati wa mazoezi mazito ulipungua kwa zaidi ya robo. Watu hao hao walipopimwa tena baada ya miaka thelathini, ilionekana kwamba miaka hiyo yote haikuwa imewapunguzia uwezo kiasi kile walichopoteza kwa majuma matatu ya kitanda. Ikiwa hivyo ndivyo kwa vijana wazima, hali ya mgonjwa ni rahisi kuikisia.

Imani ya kitanda ilivyovunjwa

Isidhaniwe kwamba imani ya kulaza wagonjwa ni ya wazee wa vijijini peke yao. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliishika kwa muda mrefu, na aliyepasuliwa tumbo aliweza kulazwa majuma mawili au zaidi. Mwaka 1899 Emil Ries wa Chicago alieleza kwamba aliwaamsha wagonjwa wake mapema na wakapona vema. Wachache walimfuata. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vitanda na wauguzi vikawa haba, wagonjwa wakalazimika kuamka mapema, na ikaonekana kwamba vidonda havikufumuka. Daniel Leithauser wa Detroit alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1946, na mwaka uliofuata Richard Asher wa London aliandika makala mashuhuri juu ya hatari za kulala kitandani. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmark aliunganisha mambo mengi, yakiwemo kuzuia maumivu vema, kula mapema na kutembea mapema, yakawa mpango mmoja. Mipango ya namna hiyo sasa imeandikwa pia kwa ajili ya upasuaji wa kupunguza unene.

Historia hii yafundisha kwamba wasomi nao waliweza kuishika desturi kwa karibu nusu karne baada ya kuonyeshwa kosa lake. Kwa hiyo daktari asimcheke bibi anayemfunika mjukuu wake shuka; amweleze.

Hatua ya kwanza

Chukulia mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji saa tatu asubuhi na kuzinduka saa tano. Mambo yakienda sawa, alasiri ya siku ile ile aweza kusimama. Kwanza hupewa dawa ya maumivu ya kutosha. Hiyo si anasa, kwa maana mtu mwenye maumivu hawezi kukohoa wala kutembea. Kisha huchezesha nyayo akiwa kitandani. Baadaye huketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining’inia, kwa dakika kadhaa. Sehemu hii isirukwe. Mtu asimamapo, nusu lita ya damu au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Kwa kawaida vipokezi vilivyoko katika mishipa ya shingo na kifua huitambua hali hiyo mara moja, moyo ukaongeza mapigo na mishipa ikajibana. Dawa alizopewa hulegeza mwitikio huo, na mgonjwa akiinuliwa kwa haraka aweza kuona giza na kuanguka.

Akiisha kuketi bila kizunguzungu, husimama akiwa na watu wawili kando yake, hutulia kidogo, kisha hupiga hatua chache hadi mlangoni au kwenye kiti. Kiti chenyewe kiwe imara kwa uzito wake; ni aibu kumwambia mtu wa kilo 128 aketi juu ya kiti kinachotetemeka. Safari ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza. Kila safari iandikwe katika cheti chake: saa, umbali, mapigo ya moyo, na aliyemsindikiza.

Kuandika huko kuna faida nyingine. Mgonjwa aliyetembea vizuri jana, na leo hawezi kusimama, huenda anavuja damu ndani, au mshono wa mfuko wake wa chakula umeachia. Moyo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika bila kutulia ni dalili ya kumwita daktari upesi. Lakini mara nyingi mtu mnene ashindwapo kusimama huambiwa kwamba ni mvivu, na kwamba uvivu huo ndio uliomnenepesha. Maneno hayo ni dhuluma, tena ni udaktari mbaya. Uvivu si jina la ugonjwa, na anayelitumia huenda akaipita dalili ya kifo bila kuiona.

Hoja za wanaopinga

Wako wasemao kwamba mgonjwa akitembea mshono utafumuka. Mshono haufumuliwi na hatua za taratibu. Kilicho hatari zaidi ni kunyanyua vitu vizito, na hilo hukatazwa kwa majuma kadhaa. Akikohoa na akumbatie mto juu ya tumbo.

Wengine, hasa wataalamu, husema kwamba haijathibitishwa kuwa kutembea peke yake huzuia mabonge ya damu. Hoja hii ni ya haki. Mgonjwa wa namna hii huhitaji pia dawa ya kuzuia damu isigande na, inapowezekana, vifaa vya kukamua miguu. Lakini kukosa kutosha si kukosa kufaa. Hakuna ashaurie kitanda mahali pa kutembea, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye sababu maalumu ya kuzuiwa, na sababu hiyo huamuliwa na daktari wake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wauguzi ni wachache. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi atawezaje kumtembeza kila mmoja? Hata hivyo hospitali za Afrika ya Mashariki zina utajiri ambao nyingi za ng’ambo hazina, nao ni ndugu wa mgonjwa. Hukaa nje ya wodi tangu alfajiri wakiwa na chupa za chai, wakingoja kengele ya kuingia. Ndugu mmoja akiitwa siku moja kabla ya upasuaji, akafundishwa kwa robo saa namna ya kumketisha mgonjwa, kumsimamisha na kumrudisha kitandani akiona kizunguzungu, muuguzi atakuwa amepata msaidizi wa wodini na mlinzi wa nyumbani. Afundishwe pia dalili za kurudi hospitali bila kuchelewa: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kubanwa pumzi kwa ghafula, au maumivu ya kifua.

Wajibu wa shule

Walio wengi hawatapasuliwa kwa ajili ya unene. Lakini katika kila darasa wamo wanafunzi ambao mama zao au dada zao watajifungua kwa upasuaji, au baba zao watatengenezwa ngiri. Nao wote huhitaji kuamka mapema kwa sababu zile zile. Mzazi aliyepasuliwa aweza kutunzwa kwa siku arobaini za desturi, akapikiwa na kupumzishwa kazi nzito, bila kulazimishwa kulala. Kutunzwa na kulazwa si jambo moja.

Mwalimu wa biolojia hahitaji maabara ya gharama kulifundisha somo hili. Mwanafunzi mzima wa afya na alale juu ya mkeka kwa dakika tano, mwenzake ahesabu mapigo ya moyo kifundoni mwa mkono. Kisha asimame, nayo yahesabiwe tena papo hapo. Darasa litaona mapigo yakiongezeka, na mwalimu ataeleza kwa nini. Kisha kila mmoja ashike shavu la mguu wake na kuinuka juu ya vidole, ahisi msuli unavyokaza. Huo ndio mtambo unaoirudisha damu moyoni, wala hauna haja ya umeme.

Mwanafunzi aliyeyafahamu hayo atakapokwenda hospitali kumtazama ndugu yake, atajua la kufanya. Atauliza kwanza kama daktari amemruhusu mgonjwa kuamka na kama amepewa dawa ya maumivu. Akijibiwa ndiyo, atamsaidia kuketi, angoje kizunguzungu kipite, ampe mkono, watembee pamoja mpaka mlangoni.